Hedifoni hupimwa saa ya tatu

Mdogo wangu amenyoa kipara, havai miwani, na masikio yake ni madogo kama ya paka. Nayataja maumbile yake gazetini kwa sababu ndiyo kiini cha ugomvi wetu. Tangu aniazime hedifoni zake za Sennheiser HD 600 mwezi wa kwanza, ameshikilia kwamba hajapata kuvaa kitu cha starehe kuliko hizo. Mimi nimesuka rasta, navaa miwani, na kazi yangu inanitaka niwe na hedifoni kichwani saa saba au nane kwa siku. Yeye huzivaa Jumamosi jioni akipanga sauti za kwaya kanisani kwao Lanet, nusu saa hivi, kisha huzivua akaenda kula. Tukilitaja neno starehe, kila mmoja anasema lake.

Kazi yangu ni transkripsheni. Natumiwa sauti, narudisha maandishi. Nilianza nikiwa bado mwanafunzi Egerton, kule Njoro, na mpaka leo naifanyia chumba cha nyuma, Section 58, ghorofa ya tatu, juu yangu mabati tu. Siku moja ni mahubiri, siku nyingine kikao cha kamati, lakini mara nyingi ni mahojiano ya watafiti na wakulima. Juzi alikuja mkulima wa viazi wa Kuresoi. Kinasa sauti kilikuwa kimewekwa nje penye upepo, jogoo naye hataki kupitwa na mazungumzo, na mzee anasema msimu ule alipata gunia nne. Au nane? Nilirudisha nyuma mara kumi na moja. Kwenye iafoni nilizonunua stejini kwa shilingi mia mbili, ilikuwa nne, wazi kabisa. Nikabadilisha, nikavaa zile za Sennheiser, nikaisikia ile "a" fupi ikiwa imejificha nyuma ya upepo. Nane. Nusu ya mavuno ya mtu ilikuwa ipotee kwenye ripoti kwa sababu ya waya wa mia mbili.

Kwa hiyo mtu asiniambie hedifoni nzuri ni anasa ya watoto wa matajiri. Ila pia asiniletee ule ushabiki wa wanaume wanaobishana usiku kucha juu ya sauti ya sinia la ngoma. Wataalamu wa lugha walitupa jina "vipokea sauti vya masikioni". Ukimaliza kulitamka dukani, mwuzaji ameshahudumia wateja wawili. Nitasema hedifoni kwa zile za kufunika masikio na iafoni kwa zile za kuchomeka ndani.

Lalamiko langu ni hili. Wanaolinganisha hedifoni huzisikiliza dakika kumi, wakaandika kurasa nne kuhusu sauti na mistari miwili kuhusu starehe, kana kwamba starehe ni rangi ya boksi. Kwangu mimi starehe ni sehemu ya sauti. Kichwa kikianza kuuma, sikio linaacha kusikiliza na kuanza kuvumilia. Najua kwa sababu makosa yangu yana saa zake. Asubuhi nakosea neno moja kwa kurasa kadhaa, ikifika saa ya tatu tangu nivae, upinde ukishauchimba utosi, "hawakutaka" inaanza kuwa "walitaka." Spika ni zilezile. Aliyebadilika ni mimi.

Hedifoni zangu za kwanza za heshima nilizinunua kwenye kibanda kimoja mjini, sitasema kipi, zikiwa na nembo ya kampuni kubwa ambayo nina hakika haikuwahi kuziona. Besi yake ilikuwa kama mtu anayepiga godoro kwa mwiko. Baada ya miezi mitatu ngozi ya mito ya masikio ikaanza kubanduka vipande vidogo vyeusi. Siku moja nilienda benki moja kwa moja kutoka kwenye kazi, mhudumu akaniangalia shavu kwa huruma, akanisogezea karatasi ya tishu chini ya kioo. "Madam, una masizi." Nilijifuta, nikatia sahihi, nikaenda nyumbani nikazitupa.

Baada ya hapo nikapata Sony MDR-7506. Nilizipata mitumba kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa anahamia Eldoret, kwa elfu saba. Modeli hii imekuwepo tangu 1991, na watu wa redio na wa filamu wanaijua: kibandiko cha buluu pembeni, waya uliojikunja kama mkia wa nguruwe, uzito gramu 230 hivi. Kwa sauti ya mtu anayezungumza sijui chombo cha bei hiyo kinachoishinda. Herufi zinatoka zikiwa na ncha. "S" ya mhubiri inachoma kidogo, "ch" inapasuka kama kijiti kikavu, na hilo kwa kazi yangu ni faida, maana maneno hupotelea kwenye konsonanti, si kwenye irabu zinazopigiwa kelele. Kwa muziki sizipendi sana. Zinakuonyesha kila kitu kama taa ya chumba cha upasuaji.

Sasa mbebeshe mtu mwenye rasta uzito huo, hata uwe mdogo kiasi gani. Upinde wake ni mwembamba. Kwenye kipara unakaa kama kofia ya shule. Kwenye matuta ya kusuka unatafuta mfereji kati ya mstari mmoja na mwingine, unatulia humo, na uzito wote unaangukia mstari huo mmoja. Siku ambazo nimesukwa jana, ngozi bado imevutwa, siwezi kuzivaa kabisa. Mito nayo haina kina. Sikio langu linagusa ndani, na ikifika adhuhuri ukingo wake umepata moto kama umefinywa na mwalimu wa zamani. Ndipo nikajua kwamba hedifoni nyepesi na hedifoni starehe ni vitu viwili.

Za tatu nilizinunua mpya, zamu yangu ya chama ilipofika. Beyerdynamic DT 770 Pro, za omu 80. Mimi na upinde wake tulielewana mara moja: mpana, umejazwa, unakaa juu ya misuko minne kwa pamoja badala ya kumwonea mmoja. Mito ni ya kitambaa laini, ya mviringo, yenye kina. Sikio linakaa ndani bila kugusa ukuta. Uzito ni gramu 270, yaani zaidi ya Sony, na saa ya tatu nilikuwa nimesahau kwamba nimezivaa hadi niliposimama kwenda jikoni waya wa mita tatu ukanirudisha kitini.

Kwa kuwa zimefungwa nyuma, zina joto. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na mwezi wa Julai asubuhi, ukungu ukiwa umelala kuelekea Menengai, mito ile masikioni ni blanketi. Februari alasiri, ni sahani ya ugali wa moto imebandikwa shavuni. Mtu anayeandika kutoka nchi ya baridi kwamba hedifoni fulani "hazina joto" hajawahi kukaa chini ya mabati saa nane mchana.

Zina tatizo lingine, na hili ni langu na wenzangu wote wa miwani. Besi ya hedifoni zilizofungwa inategemea hewa kati ya spika na sikio kuzibwa vizuri, kama ngoma isiyotoboka. Mkono wa miwani unapita chini ya mto, unauinua milimita moja au mbili, hewa inatoroka, na besi inaondoka nayo. Jaribu mwenyewe: cheza wimbo wowote wa gitaa, kisha bonyeza mto kwa kidole pale mkono wa miwani unapopita. Utasikia mpiga besi akirudi chumbani. Misuko minene nyuma ya sikio hufanya vilevile, hijabu pia. Mwenzangu mmoja wa Bondeni, anayefundisha watoto kwa njia ya mtandao, alijaribu hedifoni zangu juu ya hijabu yake, akasema sauti ni kama ya jirani aliyefunga mlango. Akarudi kwenye iafoni zake za Kichina za KZ, zile za kupitisha waya juu ya sikio, anazivaa kwanza kisha anajifunga. Kwa pesa ile zinaimba vizuri ajabu. Mimi siziwezi, zikizidi saa moja sikio linawasha ndani, mahali pasipokunika.

Wimbo ninaopimia ni "Sina Makosa" wa Les Wanyika, kundi lililojimega kutoka Simba Wanyika mwaka 1978. Marehemu baba alikuwa na kaseti yake, na upande wa kwanza ulikuwa umechezwa mpaka sauti ikaanza kuyumba. Naujua wimbo huo kama ninavyoijua ngazi ya ploti yetu gizani. Gitaa la ridhimu la Omar Shabani ndilo linaloubeba, likizunguka bila haraka. Tom Malanga anapita chini na besi. Mwimbaji anaimba kama mtu anayeeleza jambo kwa jirani mwenye hasira. Kwenye DT 770, Malanga anaingia chumbani, anavuta kiti, anakaa. Matoazi yanametameta juu. Lakini mwimbaji anarudi hatua moja nyuma, na huo ndio mtindo wa hedifoni hizi: chini kuna mengi, juu kuna mengi, katikati pamebonyea kidogo. Ukihamia benga, ambako gitaa linapanda juu na kukaa huko likicheka, ule mmeremeto unaanza kuchoma. Nyimbo tatu za benga mfululizo, nazivua.

Kisha nikavaa HD 600 za mdogo wangu.

Nitakuwa mkweli kwa sababu yeye husoma gazeti hili: kwa sauti, ameshinda. Modeli hii ilitoka 1997 na bado wenye masikio wanairudia kama kipimo. Nyuma ni wavu mtupu, haikufungwa, na sauti haigongi ukuta ikakurudia. Magitaa yote ya "Sina Makosa" yalijitenga, kila moja likakaa mahali pake, na mwimbaji akasogea mbele hadi nikasikia anavyouacha mwisho wa neno upungue wenyewe bila kuukata. Besi ni chache kuliko ya DT 770. Malanga hakuvuta kiti, alisimama mlangoni. Lakini nilisikia noti zake, si uzito wake tu. Ndizo hedifoni zilizomwokoa mkulima wa Kuresoi.

Haziendeshwi na simu, hata hivyo. Mdogo wangu alinipa na kiamplifaya chake kidogo, nikadhani ni mbwembwe. Zina omu 300. Omu ni kipimo cha jinsi chombo kinavyoupinga umeme, na njia rahisi ya kulielewa ni maji ya ploti yetu. Yakija na msukumo mdogo, wa chini wanajaza mapipa yao, na sisi wa ghorofa ya tatu tunasikiliza mfereji ukikohoa. Sony ina omu 63, inakaa chini, simu inaifikia. HD 600 iko juu kwetu. Ukizichomeka kwenye simu sauti inafika, lakini ndogo na bila nguvu, nawe unafikiri umeuziwa hadithi. Kama huna pesa ya pampu, usipange ghorofa ya juu.

Na sasa starehe. Gramu 260, mito ya kitambaa yenye umbo la yai, hakuna joto kwa sababu hewa inapita. Kwenye karatasi ningezipa ushindi hapa pia. Lakini zinabana. Zikiwa bado ngeni zinabana kwa namna ambayo wapenzi wake wote duniani wanaijua na wanaichekea. Kwa mdogo wangu zimelegea kwa miaka, na zilikutana na kichwa chembamba. Kwangu kuna unene wa misuko kila upande, kwa hiyo mikono ya upinde inafunguka zaidi, na chuma kikifunguliwa zaidi hurudi kwa nguvu zaidi. Mikono ya miwani ikabanwa katikati. Saa ya kwanza nilisikia mwimbaji. Saa ya pili nilisikia mishipa yangu.

Malalamiko haya si ya leo. Mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin, aliyetengenezea hedifoni zake jikoni kwake Utah, alizipeleka kwa jeshi la majini la nchi yake. Sauti iliwashangaza, na bado walimwomba aurekebishe upinde ukae vizuri kichwani. Karne moja na ushei baadaye, wanaouza bado wanaanza na sauti na kumalizia na kichwa.

Mama yangu alizijaribu pia. Yeye ni mtu wa Bureti, na nilitaka asikie rekodi iliyofanywa Kapkatet mwaka 1950, Hugh Tracey alipopita huko na mitambo yake. Wasichana wa Kipsigis, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wanaimba juu ya "Chemirocha," ambaye ni mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers. Santuri zake zilikuwa zimefika vijijini kwa gramafoni, na jina likabadilika mdomoni mpaka likawa la Kipsigis kabisa, na mwenye jina akawa kiumbe nusu mtu nusu paa. Rodgers mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1933. Kuna kinubi cha chepkong chini ya sauti zao, na kupitia HD 600 unasikia zaidi ya kinubi: unasikia wakivuta pumzi pamoja, mmoja akichelewa kidogo. Rekodi ni ya kipaza sauti kimoja, haina kulia wala kushoto, kwa hiyo wanasimama wote katikati ya kichwa chako, mahali ambapo kwa kawaida unawazia bili.

Mama alikataa kuvua kitambaa cha kichwa, nikamvisha hivyohivyo. Alisikiliza hadi mwisho bila kusema. Akaniambia nirudie. Mara ya pili midomo yake ilikuwa inaenda. Akazivua, akajishika panja. "Hawa ni rika la mama yangu," akasema. "Wimbo ni mzuri. Lakini hiki chombo kinanishika kama mtu anayenipeleka polisi."

Jina la mji wetu, Nakuru, linatokana na neno la Kimaasai la vumbi, na yeyote aliyekaa hapa Januari upepo ukitoka upande wa ziwani hahitaji kuelezwa maana yake. Hedifoni zenye wavu nyuma si za kuachwa wazi mezani huku. Lakini kilichonipata hakikuwa vumbi. Wiki ya tatu, kila besi iliposhuka chini, sikio la kulia likatoa mkwaruzo: dzzz, kama nzi ndani ya kopo. Nililaumu rekodi. Nikalaumu amplifaya. Kisha nikakubali kwamba nimeharibu kitu cha wenyewe, nikazifunga kwenye leso nikashuka mjini kwa fundi wa redio ninayemwamini.

Alizivaa kinyume, ya kulia kushoto, akacheza wimbo uleule. "Mkwaruzo umehama na spika," akasema. "Si wimbo, si mashine." Akaung'oa mto kwa vidole tu, bila bisibisi, akatoa sponji nyembamba iliyo nyuma yake, akawa anatabasamu kama mtu aliyekutana na mpishi aliyepanga jiko vizuri. Alisema vitu vingi anavyoletewa siku hizi vimegandishwa kwa gundi ili avipasue. Akaweka kioo cha kukuzia jichoni, akachukua kibano, akavuta kitu chembamba kilichokuwa kimelala juu ya utando wa spika. Akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa uzi wa rasta, urefu wa kucha, nambari 33. Rangi yangu.

"Mia moja," akasema. Nilimuuliza ni ya kufungua au ya kufunga. Akasema ni ya kufungua, kufunga ni bure.

Nimewaza sana kuhusu uzi ule. Wanaopima hedifoni kitaalamu hutumia vichwa bandia na masikio ya mpira, na kazi yao naiheshimu. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alilinganisha vipimo vya hedifoni 283 na bei zake, asipate uhusiano kati ya pesa unayolipa na jinsi chombo kinavyogawa sauti nzito, za kati na nyembamba. Matokeo hayo yangebandikwa kwenye mlango wa kila duka la simu Kenyatta Avenue. Lakini vichwa vile bandia havisukwi. Havivai miwani wala hijabu. Havitoki jasho Februari. Ukisoma kwamba besi ya hedifoni fulani ni kadhaa wa kadhaa, hiyo ni besi ya kichwa kisicho na nywele, kilichotulia kwenye chumba kisicho na kelele, mahali ambapo mimi sijawahi kuishi.

Kelele nayo ina hesabu yake, na hapa ndipo mdogo wangu hunyamaza. Ploti yetu ina mchomeleaji wa milango upande mmoja na kanisa la hema upande mwingine. Hedifoni wazi zinawakaribisha wote wawili. Mvua ikinyesha kwenye mabati, HD 600 zinakuwa mapambo ya shingo. Mtu hufanya nini? Anaongeza sauti. Shirika la Afya Duniani, kwa kiwango lilichotoa pamoja na wenzake wa shirika la mawasiliano ITU mwaka 2019, linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio. Kila desibeli tatu zikizidi, muda unakatwa nusu, hata ukifika 90 umebakiwa na saa nne kwa wiki nzima. Saa 40 ni wiki yangu ya kazi. Sina akiba. Nikiongeza sauti ili nimshinde mchomeleaji, nakopa kwenye masikio ya uzeeni. Hedifoni zilizofungwa, zilizoziba vizuri, zinaniruhusu kusikiliza chini, na hilo kwangu ni sifa ya sauti kubwa kuliko kutenganisha magitaa. Wanaopanda matatu za Njoro na iafoni zimechomekwa, wakijaribu kuizidi spika iliyo chini ya kiti chao, siwezi hata kuwapigia hesabu.

Nikiulizwa basi, nasema DT 770, huku nikijua kwamba sauti tamu iko kwingine. Nazivaa asubuhi hadi saa saba, nikibadilisha na Sony kwa nusu saa pale neno linapogoma kutoka. HD 600 zilikuwa za Jumapili jioni, mchomeleaji akiwa amelala, misuko ikiwa imekaa wiki mbili na kulegea. Mwenye kipara na chumba kitulivu Milimani anunue hizo moja kwa moja, asiniulize.

Ninachowaomba wenye maduka ni kiti. Kiti kimoja tu, na hedifoni moja ya kila aina iliyofunguliwa. Kiatu tunakijaribu, tena tunatembea nacho hadi mlangoni na kurudi. Godoro tunalilalia mbele ya watu. Hedifoni za elfu thelathini ninaonyeshwa kwenye boksi kupitia kioo, na nikiomba kuzivaa naambiwa nikifungua nimenunua. Niacheni nikae nazo nusu saa. Sitahitaji hata muziki.

Nilirudisha zile za mdogo wangu Jumamosi iliyopita, safi, zikiwa kwenye leso iliyofuliwa. Alikuwa kanisani, kwaya inajipanga. Akazivaa kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa mtoto, akainama chini ya mashine kuchomeka waya, nazo zikateleza kutoka kwenye kile kipara zikamwangukia shingoni. Akazirudisha. Akainama tena. Zikaanguka tena.

"Dada, hizi umezifanyia nini?"

Nikamwambia ukweli: zililala siku tatu zikiwa zimepanuliwa juu ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu na Biblia ya mama, zikiwa zimepangwa pamoja. Kwangu zilikuwa zimeanza kukaa vizuri.

Alizishika mkononi akiziangalia. "Na kitabu cha nyimbo," akauliza, "hukukiona?"